Dong Yi: Kati ya Jang Hui-bin na Mfalme Sukjong, nani hasa alikuwa fundi wa fitina?

#1 Kasri_la_Pili
Wakuu, habari za muda huu.

Hoja yangu ni moja, ipigwe mawe au iungwe mkono. Tamthilia ya Kikorea ya Dong Yi (MBC, 2010, episodi 60) inamwonyesha Jang Hui-bin, suria wa mfalme, kuwa mzizi wa kila ovu. Yeye na kaka yake Jang Hui-jae wanasuka njama, kambi ya kisiasa ya Namin inawabeba, Malkia Inhyeon anaonewa, na Mfalme Sukjong ni bwana mwema anayechelewa tu kuujua ukweli. Nasema picha hiyo imegeuzwa. Fundi wa fitina kwenye lile kasri alikuwa mfalme mwenyewe.

Tazameni mtiririko. Sukjong alirithi kiti 1674 akiwa na miaka 13. Mwaka 1680 akawafagia Namin serikalini, akawaweka wapinzani wao Seoin. 1689 akawang'oa Seoin, akawarudisha Namin, akamfukuza Inhyeon. 1694 akageuza tena: Namin nje, Seoin ndani, Inhyeon akarudi, Jang akashushwa kutoka malkia hadi suria. Mara tatu ndani ya miaka 14. Hiyo 1680 Jang alikuwa mjakazi tu, na ni mwaka huohuo alipofukuzwa kasrini na mama yake mfalme. Angeipangaje ile ya kwanza? Aliyekuwepo mara zote tatu ni mmoja, yule wa joho jekundu.

Wajuzi karibuni.

#2 Binti_Jang
Hatimaye! Umenena mkuu. Huyu mama kaonewa na kila tamthilia.

#3 Shabiki_wa_Hanyang
Mtoa uzi, hesabu zako za miaka ni sahihi ila umemtoa binadamu ndani yake. Sukjong alikuwa na hasira za ghafla, hata waliomtumikia walilijua hilo. Alimpenda Jang, akamfukuza Inhyeon kwa sababu ya Jang. Penzi lilipopoa na Choe Suk-bin (ndiye Dong Yi wa tamthilia) akaingia, akamrudisha Inhyeon. Njama gani tena unatafuta hapo? Mtu anaweza kuwa mfalme na bado akaongozwa na moyo.

#4 Karani_wa_Kumbukumbu
Niongeze vyeo, maana bila vyeo huu mjadala utaelea.

Masuria wa mfalme wa Joseon (Korea ya enzi hizo) walikuwa na ngazi nane. Kutoka chini kwenda juu ni suk-won, so-won, suk-yong, so-yong, suk-ui, so-ui, gwi-in, na juu kabisa bin. Chini yao ndipo walipo wajakazi wenye vyeo, wa juu wakiitwa sanggung. Kwa hiyo "Hui-bin" si jina la mtu. Bin ndiyo ngazi, na hui ni neno la heshima alilochaguliwa. Jina lake ni Jang Ok-jeong. Jina halisi la Choe halikuandikwa popote, "Dong Yi" ni la watunzi wa tamthilia.

Sasa angalieni mwendo wao. Jang: suk-won 1686, so-ui 1688, hui-bin 1689, malkia 1690. Choe: suk-won 1693, suk-ui 1694, gwi-in 1695, suk-bin 1699. Jang alizaa mwana wa kiume mwishoni mwa 1688. Choe alizaa mtoto wa kwanza 1693, akafa akiwa bado mchanga, kisha akamzaa 1694 yule atakayekuwa Mfalme Yeongjo.

#3, linganisha tarehe hizo na mageuzi ya serikali uniambie kama ni moyo peke yake.

#5 Kidagaa
Kwa hiyo miaka yote nilikuwa namwita mtu kwa cheo nikidhani ni jina. Asante karani.

#6 Ngome_ya_Kusini
Wote mnamzungukia mfalme na wanawake wake, kambi mmezisahau. Seoin (watu wa Magharibi) na Namin (watu wa Kusini) waligombana kabla Jang hajakanyaga kasri.

Mfano ni ule ugomvi wa siku za maombolezo. Mwaka 1659 alifariki Mfalme Hyojong, babu yake Sukjong. Swali likawa mama wa kambo wa Hyojong avae nguo za msiba muda gani. Seoin wakasema mwaka mmoja, kwa kuwa Hyojong alikuwa mtoto wa pili wa kiume. Namin wakasema miaka mitatu, kwa kuwa mfalme ni mfalme hata kama alizaliwa wa pili. Seoin wakashinda. 1674 akafariki mjane wa Hyojong, swali lilelile likarudi: Seoin miezi tisa, Namin mwaka mmoja. Safari hii Namin wakashinda, na mwaka huohuo Sukjong akakalia kiti.

Asiyejua ataona watu wazima wanagombania nguo. Kumbe wanagombania kama damu ya mfalme ni sawa na ya mtu mwingine au ina sheria yake. Kambi zilizofika hapo hazihitaji mwanamke wa kuzichochea. Jang alikuwa bendera tu, na wenye mlingoti walikuwa wengine.

#7 Kasri_la_Pili
#6 nakubali kambi zilikuwepo, lakini nani alikuwa anazibadilisha? Kumbuka kilichowaangusha Namin 1680. Waziri mkuu wao, Heo Jeok, alikuwa na karamu ya kumuenzi babu yake, mvua ikanyesha. Mfalme akaagiza apelekewe mahema ya kasri yaliyopakwa mafuta ili wageni wasilowe. Akajibiwa kuwa Heo Jeok ameshayachukua, bila ruhusa. Sukjong akang'aka, na muda mfupi tu amri ya majeshi ikahama mikononi mwa Namin kwenda kwa Seoin. Kijana wa miaka 18 huyo. Mwenye hasira tupu angemkaripia waziri yakaisha. Huyu alianza na majeshi.

#8 Zuhura_M
Samahani wakuu, mimi niko episodi ya 30 na kitu. Kwa nini 1689 Seoin walikataa mtoto wa Jang apewe cheo? Si mtoto wa mfalme?

#9 Karani_wa_Kumbukumbu
#8 swali zuri. Mtoto alikuwa hajafikisha hata miezi minne mfalme alipotaka apewe cheo cha wonja, yaani mwana anayetambuliwa rasmi kuwa wa kwanza katika urithi. Baadaye ndipo husimikwa kuwa seja, mrithi kamili. Wonja akishatangazwa, malkia akija kuzaa mwana kesho yake mambo yameshaharibika. Inhyeon alizaliwa 1667, alikuwa na miaka 22 tu kwa hesabu yetu au pungufu kidogo. Seoin wakasema subira. Ukoo wake wa Min ulikuwa wa Seoin, kwa hiyo mtoto wake angekuwa mfalme wao.

Mzee wao Song Si-yeol, msomi wa zaidi ya miaka 80, akaandika waraka wa pingamizi baada ya tangazo kutoka. Hilo ndilo kosa lililommaliza, kupinga neno ambalo mfalme ameshalitamka. Alihamishiwa kisiwa cha Jeju, akaitwa arudi kuhojiwa, na njiani, pale Jeongeup, akaletewa bakuli la sumu. Inhyeon alipovuliwa umalkia mwaka huohuo, maofisa zaidi ya 80 waliandika waraka kupinga. Park Tae-bo, mmoja wa walioubeba, aliteswa kwa kupondwa magoti na kuchomwa kwa chuma cha moto, akafa akipelekwa uhamishoni.

#10 Shabiki_wa_Hanyang
Hiyo #9 inanisaidia mimi. Mfalme alifika miaka 27 hana mwana. Malkia wake wa kwanza, Ingyeong, alifariki kwa ndui 1680. Inhyeon aliingia 1681, miaka inapita hakuna mtoto. Jang anamletea mwana wa kwanza. Mwanaume wa zama zile, tena mfalme, unategemea afanye nini? Hapo kuna furaha na hofu ya kukosa mrithi. Msifanye kila kitu kiwe hesabu baridi.

#11 Ngome_ya_Kusini
Na kama ni furaha ya mtoto, kwa nini 1694 anamshusha mama wa mtoto huyohuyo ambaye ameshakuwa mrithi?

#12 Shabiki_wa_Hanyang
Kwa sababu ya Choe! Hadithi iliyoandikwa baadaye inasema mfalme alikuwa akitembea usiku ndani ya kasri, akaona chumba kimoja taa inawaka. Akachungulia, akamkuta mjakazi ameandaa meza ya chakula, amepiga magoti anaomba. Kumuuliza, akasema ni siku ya kuzaliwa ya malkia aliyefukuzwa, aliyemtumikia zamani. Mfalme akaguswa. Huo ndio mwanzo wa Choe, na ndio mwanzo wa majuto ya mfalme.

#13 Binti_Jang
#12 hadithi tamu sana, na inawafaa Seoin kwa kila neno. Mjakazi mwema, malkia mwema, kijicho kimebaki kwa Jang peke yake. Tena aliyeiandika alikuwa upande gani? Jiulize.

#14 BiMkubwa_wa_Hanbok
Nipite kidogo na makosa ya macho, maana yananikera.

La kwanza, jengo. Tamthilia nyingi za Sukjong zinaweka ukumbi mkubwa unaofanana na wa Gyeongbokgung. Gyeongbokgung iliungua 1592 wakati wa uvamizi wa Wajapani, haikujengwa upya mpaka miaka ya 1860. Sukjong aliishi zaidi Changdeokgung na Changgyeonggung, makasri mawili yanayopakana. Vitendo vingi vya Jang, Inhyeon na Choe vilitokea huko.

La pili, sumu. Kwenye tamthilia mtu anakunywa, hesabu ya tatu damu inaruka mdomoni. Mchanganyiko wa ile sumu haukuachwa kwa maandishi ya uhakika, ila inayotajwa zaidi ni aseniki na mizizi ya akoniti. Hizo haziui kwa sekunde. Akoniti huanza kwa ganzi mdomoni, kisha kutapika, kisha moyo unapoteza mpigo. Masimulizi yanasema wengine waliingizwa chumba chenye sakafu iliyopashwa moto ili sumu ipande haraka, na wengine waliongezwa bakuli la pili na la tatu.

La tatu, nywele. Yale mawigi mazito waliyobeba kichwani ni ya kweli kwa zama zile, hapo nawapongeza. Yalipigwa marufuku 1756 na Yeongjo, mtoto wa huyohuyo Choe, kwa sababu ya gharama.

#15 Karani_wa_Kumbukumbu
#14 umeweka vizuri. Nirekebishe moja upande wa Jang. Wengi wanaamini mfalme alisimama pale, akaamuru abanuliwe mdomo kwa kijiko na kumiminiwa sumu. Kumbukumbu rasmi ya 1701 inasema aliamriwa ajiue mwenyewe. Kijiko, na ile ya kumvuta mwanawe sehemu za siri mpaka akawa tasa, ni masimulizi yaliyokuja nyuma.

#16 Kidagaa
Hiyo ya kumvuta mtoto niliiamini kabisa. Uzi huu umenivunjia nusu ya maarifa yangu.

#17 Kasri_la_Pili
Turudi 1694. Choe alijifungua vuli ya mwaka ule, mageuzi yalitokea majira ya kuchipua. Maana yake wakati Namin wanaanguka, Choe ana mimba. Kilichotokea ni hiki: Namin, wakiongozwa na Min Am, walikamata Seoin waliokuwa wakipanga kumrudisha Inhyeon. Uchunguzi ukiwa unaendelea, mfalme akageuka usiku mmoja, akawafuta kazi wachunguzi. Min Am akauawa. Mtu anayeshikwa na majuto hamsaki mchunguzi, anamsamehe mtuhumiwa. Huyu alifanya yote mawili kwa pigo moja.

#18 Ngome_ya_Kusini
#17 umeruka kipande. Siku zilezile kulikuwa na shutuma kutoka upande wa pili kwamba Jang Hui-jae alipanga kumwekea Choe sumu. Choe ana mimba, mtoto wa kwanza amekufa mwaka uliopita. Hapo mfalme hakuwa anacheza karata, alikuwa analinda tumbo. Au Seoin walijua pa kumchoma. Kwangu mimi hii ndiyo maelezo yenye nguvu kuliko yako na ya #3.

#19 Shabiki_wa_Hanyang
Kulinda tumbo ni moyo au ni siasa? Nasubiri jibu.

#20 Zuhura_M
Sasa hizi kumbukumbu rasmi mnazozitaja, nani aliandika? Maana kila mtu anasema zake zinamuunga mkono.

#21 Karani_wa_Kumbukumbu
Hapo ndipo penyewe. Inaitwa Sillok. Kila kikao cha mfalme kilikuwa na waandishi wanaonukuu. Mfalme haruhusiwi kusoma. Kuna kisa cha Taejong, 1404, alianguka kutoka kwenye farasi akiwinda, akasema mwandishi asijue. Mwandishi akaandika kuanguka, na akaandika pia kwamba mfalme alisema asijue.

Mfalme akifa, nukuu zinakusanywa, zinachambuliwa, kinaandikwa kitabu cha utawala wake. Kisha nukuu zile zinaoshwa wino mtoni ili asipatikane wa kuzitumia kulipiza kisasi, karatasi inatumika tena.

Tatizo la Sukjong ni waliokusanya. Alifariki 1720. Seoin walikuwa wameshagawanyika tangu 1683 kuwa Noron na Soron. Noron walimpenda Choe na mwanawe, Soron walimlinda mtoto wa Jang. Kazi ilifanywa zaidi na Noron. Soron waliporudi madarakani 1727 walikuta imekaribia kwisha, wakaongeza masahihisho yao mwisho wa kila juzuu. Kitabu kikakamilika 1728 kikiwa na sauti mbili. Na hao Namin waliomtetea Jang hawakushika kalamu sehemu yoyote. Kwa hiyo mtu akikwambia "Sillok inasema", muulize: matini ya mwanzo au masahihisho?

#22 Binti_Jang
Chukua #21 uibandike juu ya uzi. Jang alizaliwa kwenye ukoo wa wakalimani, tabaka la kati, chini ya mabwana. Walikuwa na fedha za biashara na China, jamaa yake Jang Hyeon alikuwa tajiri mkubwa. Mwanamke wa tabaka hilo kuwa malkia ilikuwa dharau kwa mabwana wote, Seoin kwa Namin. Waandishi walikuwa mabwana. Tamthilia ya 2013 yenye jina lake, ya SBS, angalau ilijaribu kumsikiliza.

#23 BiMkubwa_wa_Hanbok
Ilimsikiliza mpaka ikamfanya mbunifu wa mavazi. Mavazi yalipendeza, historia ikalia.

Tukiwa hapo, Choe naye ana utata. Wengi wanasema alikuwa musuri, mchota maji, ngazi ya chini kabisa ya kasri. Simulizi nyingine inamweka chumba cha ushonaji: Yeongjo alimuuliza mama yake kazi gani ilimsumbua zaidi, akasema kushona nguo za tabaka zenye mishono ya karibu karibu, na tangu siku hiyo mwana hakuvaa nguo ya aina hiyo. Mchota maji hashoni nguo za mfalme. Simulizi hizi mbili hazikai pamoja kirahisi.

#24 Kidagaa
Naomba kutoka nje ya mada sekunde moja. Ni kweli Sukjong alikuwa na paka?

#25 Karani_wa_Kumbukumbu
Kweli, wasomi wa zama zile waliandika habari zake. Aliitwa Geumson, wa rangi ya dhahabu, alikula karibu na mfalme. Mfalme alipofariki paka akagoma kula, akafa, akazikwa karibu na kaburi la bwana wake.

#26 Kidagaa
Malkia wanafukuzwa, paka anabaki mezani. Haya endeleeni.

#27 Ngome_ya_Kusini
Mtoa uzi, nijibu hili. Kama Sukjong alikuwa mcheza karata, kwa nini 1701, baada ya kifo cha Inhyeon, alitoa amri kwamba suria asipandishwe tena kuwa malkia? Mcheza karata hatupi karata zake.

#28 Kasri_la_Pili
Alizitupa za wengine. Tazama nani alinyimwa nini. 1701 Inhyeon amefariki baada ya maradhi marefu. Choe ndiye anayetajwa kumweleza mfalme kwa siri kwamba Jang alijenga kibanda cha kuombea mabaya kule Chwiseondang, makazi yake. Jang akafa. Kila mtu alidhani anayefuata ni Choe, mama wa mwana wa mfalme. Amri ilikuwa imeshafunga mlango. 1702 akaolewa Malkia Inwon, wa miaka 15, kutoka nyumba ya Soron. Noron wamempoteza malkia wao, na hawakupewa mwingine. Choe alifariki 1718 nje ya kasri, nyumbani kwa mwanawe. Tamthilia inalipa jambo hilo sura ya uamuzi wake mwenyewe, ila matokeo ni yaleyale: hayupo karibu na kiti.

#29 Shabiki_wa_Hanyang
Au mfalme alichoka na vita vya wanawake wake, akataka nyumba itulie. Amri ya 1701 inasomeka hivyo pia, mbona.

#30 Ngome_ya_Kusini
Au baraza lilimbana. Soron kama Choe Seok-jeong walimwomba mfalme Jang asiuawe kwa ajili ya mrithi, akakataa. Baada ya hapo alihitaji kuwapa kitu. Malkia wa nyumba yao ni kitu.

#31 Zuhura_M
Nikimaliza Dong Yi nifuate ipi?

#32 BiMkubwa_wa_Hanbok
#31 ukitaka mfululizo wa ukoo: Haechi (SBS, 2019) kwa ujana wa Yeongjo na kifo cha kaka yake Gyeongjong, yule mtoto wa Jang. Kisha Yi San (MBC, 2007 hadi 2008, episodi 77), mjukuu wa Yeongjo, mwongozaji ni huyohuyo Lee Byung-hoon wa Dong Yi. Kati ya hizo mbili kuna kisa cha Mwanamfalme Sado, aliyefungiwa na baba yake Yeongjo ndani ya sanduku la mchele mwaka 1762 mpaka akafa.

#33 Kidagaa
Na ile ya kaa na matunda?

#34 Karani_wa_Kumbukumbu
1724. Gyeongjong, mgonjwa, alipelekewa kaa waliokolezwa chumvi na mapera ya Kijapani, yaani persimoni mbichi, vitu ambavyo tabibu wa zama zile walisema visiliwe pamoja. Akaharisha, akadhoofika. Yeongjo akasisitiza apewe dawa ya jinsengi na akoniti, tabibu akapinga. Akafa. Soron hawakumsamehe Yeongjo, na uasi wa 1728 ulibeba shutuma hiyo.

#35 Kasri_la_Pili
Na mbegu ya hayo yote ilipandwa na baba yao. 1717 Sukjong alimwita Yi I-myeong wa Noron, wakazungumza wawili tu, bila mwandishi wala katibu ndani. Kisheria hilo lilikuwa haramu. Mara baada ya hapo akamwamuru mrithi, mtoto wa Jang, aanze kuendesha serikali kwa niaba yake, na Noron waliokuwa hawampendi wakaunga mkono. Soron wakasema ni mtego: akikosea tu, anavuliwa.

#36 Shabiki_wa_Hanyang
Au baba mgonjwa wa macho aliyeomba mtumishi wake mkuu amlinde mwanawe mdogo. Hakuna mwandishi, kwa hiyo na wewe huna nukuu.

#37 Ngome_ya_Kusini
Hapo nyote hamna nukuu. Karani, masahihisho ya Soron ya mwaka ule yanasemaje?

#38 Karani_wa_Kumbukumbu
Yanailaani faragha yenyewe. Lililozungumzwa ndani hayalijui, kama matini ya Noron isivyolijua. Kesho nitafungua uzi wa peke yake wa 1717, tuuache huu kwa Jang na Inhyeon.